Vloga wa Magari Anaeza Kutoboa kwa TV? Soma Hii Kabla Hujapeleka Klipu Zako Nairobi

Picha hii unaijua. Ni jioni, maskani ya Junda, tuktuk tatu zimepaki kando ya kibanda cha viazi karai, na mbogi ya wasee watano imeinamia simu moja. Kwa skrini kuna jamaa amefungua boneti ya Mazda Demio, anaonyesha mahali oili inavuja. Kati ya hao watano hakuna hata mmoja mwenye gari, lakini hakuna anayetaka video ikatwe. Ikiisha, mmoja anauliza: "Huyu mbona hawamweki kwa TV?"

Swali fiti sana. Na kama wewe mwenyewe una simu, taa ya kujimulika na ndoto ya kuchambua ndai, hilo swali linagusa mfuko wako. So tumekuwekea stori nzima hapa: nani amejaribu, doh inatoka wapi, sheria zinasemaje, na ukiwa Junda uanzie wapi.

Jibu fupi: ndio, unaeza kutoboa. Lakini TV haitakuchukua eti kwa sababu unajua magari. Na kuna kitu kimoja ambacho ukikiuza ndio uingie huko, hutakipata tena.

Vloga wa magari ni nani hasa?

Watu huwaweka wote kapu moja, lakini ukicheki vizuri wako aina kadhaa:

- Mchambuzi. Anapewa gari, analiendesha, anakwambia kama linafaa pesa yako.
- Fundi. Mikono ina grisi, anakuonyesha jinsi ya kubadilisha brekpadi bila kuibiwa gereji.
- Mtu wa yadi. Anauza magari, na video ni duka lake. Hakuna ubaya, mradi aseme wazi.
- Mtu wa nganya. Yeye ni rangi, taa, muziki na grafiti za mathree.
- Msafiri. Gari ni kisingizio tu, stori ni barabara na watu anaokutana nao.

Shika hii orodha, kwa sababu TV haiwapendi wote sawa. Mtu wa yadi TV itamuuzia nafasi ya tangazo. Mchambuzi na fundi watahitaji msaada kidogo. Msafiri na mtu wa nganya ndio wako karibu zaidi na mlango, na sababu utaiona mbele.

Darasa la Top Gear

Huwezi kuongelea magari kwa TV bila kuanza na Top Gear ya BBC. Ilianza 1977 kama kipindi cha kawaida tu cha magari. Ilipozaliwa upya 2002 ikiongozwa na Jeremy Clarkson, Richard Hammond akiwa kando yake na baadaye James May pia, ikawa kitu kingine kabisa: wazee watatu wanachokozana, magari yanaharibika, safari zinaenda mrama. Mwaka wa 2013 walikuja hadi huku kwetu, wakaanzia Uganda na magari matatu ya zamani, BMW, Volvo na Subaru Impreza, kutafuta chanzo cha mto Nile. Fikiria, watu dunia nzima wakicheki Subaru ya mtumba ikipigwa na matope ya Afrika Mashariki. Wangapi kati yao walikuwa wanapanga kununua Impreza? Wachache sana. Walikuwa wanataka kujua kama itafika.

Clarkson akakosana na BBC, mkataba wake haukurudishwa Machi 2015, na hapo ndipo stori yetu inaanza. BBC ilihitaji sura mpya, na 2016 ikachukua watu wawili ambao wengi waliwajua kwa video za mtandaoni. Chris Harris alikuwa mwandishi wa magari aliyejijengea jina kubwa YouTube. Rory Reid pia alikuwa anafanya video za magari mtandaoni, na aliingia kupitia usaili wa wazi, ule wa kutuma klipu kama mtu yeyote.

Sasa cheki walivyoishia. Chris Evans, mtangazaji staa aliyepewa usukani wa kipindi, alidumu msimu mmoja tu. Rory Reid alikaa misimu michache, kisha 2019 BBC ikaleta Freddie Flintoff, aliyekuwa mchezaji wa kriketi, na Paddy McGuinness, mchekeshaji. Harris, yule wa YouTube, alibaki mpaka mwisho, pale BBC ilipositisha kipindi baada ya ajali mbaya ya Flintoff ya Desemba 2022.

Australia ilikuwa hivyo hivyo. Top Gear Australia ya 2024, iliyoenda kwa Paramount+, ilimchukua Blair Joscelyne, anayejulikana kama Moog, wa chaneli ya YouTube ya Mighty Car Mods. Lakini hawakumwacha peke yake. Walimweka katikati ya Jonathan LaPaglia, ambaye ni mwigizaji, na Beau Ryan, aliyecheza raga kabla ya kuwa mtangazaji.

Umeiona rada? TV inamchukua vloga mmoja anayejua gari, kisha inamzungushia watu wanaojua kuchekesha. Vloga ndiye anafanya kipindi kiaminike. Wale wengine ndio wanamfanya shangazi yako asiye na leseni asibadilishe stesheni. Kwa simu, mtu amekutafuta mwenyewe kwa sababu anataka kujua kuhusu Demio. Kwa TV umemkuta sebuleni akingoja taarifa ya saa moja. Una dakika moja tu ya kumfanya aweke rimoti chini.

Hapa kwetu barabara ni ya pande mbili

Wasee wengi hudhani safari ni moja tu: unaanza mtandaoni, unapanda hadi TV. Kenya mambo hayako hivyo.

Ndio, wako waliopanda. Azziad Nasenya alitrendi 2020 na densi ya TikTok ya ngoma ya Femi One na Mejja, na baada ya hapo tukamwona akiigiza kwa Selina ya Maisha Magic East. Lakini hakupelekwa huko kucheza densi. Alipewa kazi mpya, akajifunza kazi mpya.

Na wako walioshuka kwa hiari yao, na wakaomoka zaidi. Abel Mutua wengi walimjua kupitia Tahidi High ya Citizen TV, leo watu wanamfuata YouTube kwa stori zake. Njugush alijulikana kwa The Real Househelps of Kawangware, kisha akajenga jina lake mwenyewe mtandaoni. Ukivuka mpaka kwenda Tanzania, Millard Ayo alitoka redio ya Clouds FM akafungua Ayo TV, ambayo inaishi mtandaoni.

Kwa upande wa magari kuna mfano mzuri sana: Njoro wa Uba, ya Maisha Magic Plus. Ni stori ya dereva wa teksi ya apu na abiria anaowabeba. Gari liko kwa kila kipindi, lakini hakuna anayekwambia linakula mafuta kiasi gani. Gari ni chumba cha kuongelea. Kila anayeingia ana shida zake, na wewe unabaki hapo ukisikiliza kama uko kiti cha nyuma. Hiyo ndiyo sababu nilikwambia msafiri na mtu wa nganya wako karibu na mlango.

Tuongee doh

YouTube inampa mwenye chaneli asilimia 55 ya pesa ya matangazo kwa video ndefu, na asilimia 45 ya mgao kwa zile fupi. Ndio uanze kulipwa matangazo unahitaji wafuasi 1,000, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, ama video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Serikali nayo iko pale: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya kontenti ya mtandaoni kwa mkazi wa Kenya. Mswada ulikuwa umetaka 15, watu wakapiga kelele.

TV ina njia kama nne hivi:

- Stesheni inakuajiri. Una mshahara, lakini kipindi si chako.
- Stesheni inakuagizia kipindi. Wanalipa gharama, mara nyingi wanabaki na haki.
- Unatengeneza mwenyewe, unawauzia haki ya kuonyesha kwa muda fulani.
- Unanunua saa yao, kisha unatafuta wadhamini mwenyewe. Ukikosa mdhamini, hiyo hasara unaila wewe.

Hii ya nne ndiyo vijana wengi hukutana nayo bila kuijua. Unaenda mkutanoni ukidhani utalipwa, unaambiwa bei ya nusu saa. Usikasirike, ndio biashara ilivyo. Ila jua kwamba hapo wewe umegeuka muuzaji wa matangazo.

Halafu usisahau ukubwa wa uwanja. Sensa ya 2019 ilipata nyumba zenye TV inayofanya kazi ni kama asilimia 40 tu. Nyingine zinasikiliza redio ama ziko kwa simu. TV bado ina heshima, bado mamako atawapigia majirani simu ukitokea. Lakini TV si nchi nzima.

Kitu kimoja usiuze

Acha nikupe stori ya nyumbani. Binamu yangu aliendesha tuktuk ya mtu miaka minne, Mishomoroni kwenda Mlaleo, akaweka akiba taratibu. Akataka Vitz ya kufanya teksi. Akacheki video ya vloga mmoja akiisifu ile ile gari, kwa ile ile yadi: injini poa, giaboksi haina neno, "chukua kabla haijaenda." Akachukua. Mwezi wa pili giaboksi ikaanza kuteleza, ukikanyaga inalia tu bila kwenda. Fundi akamwambia hiyo si shida ya juzi. Baadaye ndio tukajua vloga alikuwa amelipwa na yadi, na hakusema popote. Binamu alirudi kwa tuktuk ya mtu. Hadi leo ukimtumia video ya gari hafungui.

Hicho ndicho kitu chenyewe: mtu anakuamini na akiba yake. Hauna kingine cha kuuza. Mtandaoni, ukikataa hela ya yadi moja bado una watazamaji wako, na mwezi ujao utakula kidogo kidogo. Kwa TV, wadhamini wa kipindi cha magari wanaokuja haraka ni wenye yadi, wauza magari mapya, bima, oili na matairi. Yaani wale wale unaopaswa kuwasema ukweli. Siku ukimwambia mtazamaji gari fulani ni pasua kichwa, na mwenye kuiuza ndiye analipia kipindi, kuna mtu atakupigia simu kabla hujatoka studio.

Hii si shida ya Kenya peke yake, na haimaanishi TV ni wezi. Inamaanisha aina ya kipindi unachochagua ndiyo itaamua kama utabaki na jina lako.

Kipindi ambacho kinaeza kufanya kazi

Cheki Shamba Shape Up. Kampuni ya Mediae iliianza 2012 kwa Citizen TV. Watangazaji wanaenda kwa shamba la mtu wa kawaida, wanaangalia ng'ombe, mahindi, banda la kuku, wanaleta wataalamu, wanatengeneza, kisha unaona tofauti. Kina wadhamini, lakini shujaa wa kipindi ni mkulima. Hata kama hauna shamba unataka kujua kama kuku wa yule mama watapona.

Sasa geuza. Weka tuktuk mahali pa kuku. Kijana wa Mwandoni ana tuktuk inayomla faida yote kwa matengenezo. Vloga anakuja na fundi, wanaifungua, wanapata tatizo, wanafundisha jinsi ya kulizuia, na mwisho tunapiga hesabu ya siku: alikuwa anabaki na ngapi, sasa anabaki na ngapi. Ndani yake kuna maarifa, kuna mtu, kuna wasiwasi kama itawaka. Mdhamini wa oili anaweza kuingia bila wewe kumdanganya mtu yeyote kuhusu gari la kununua.

Mfano mwingine uko gazetini. JM Baraza amejulikana miaka mingi kwa safu yake ya Car Clinic ya Daily Nation. Fomula ni rahisi: wasomaji wanaleta maswali yao, yeye anajibu bila kupaka mafuta. Maswali ya watu hayaishi, na hayahitaji helikopta ya kupigia picha.

Ukiwa Junda, una nini ambacho Nairobi hawana?

Stesheni kubwa ziko Nairobi, hilo halina ubishi. Lakini magari yanaingilia huku. Ukivuka Nyali Bridge na kukata kisiwa uko Kilindini, mahali mitumba ya Japani inashuka melini kabla Nairobi haijaiona. Hesabu kontenti ulizokalia:

Kwanza, sheria ya miaka 8. Kiwango cha KEBS, KS 1515, hakiruhusu gari lililosajiliwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 8 iliyopita, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka kuna kundi la magari linalokimbizana na kalenda. Hiyo ni stori yenye saa inayohesabu, na inatokea mlangoni kwako.

Pili, chumvi. Fundi yeyote wa Kisauni atakwambia gari lililoishi karibu na bahari linaoza kivyake: chini ya milango, kwa bomba la moshi, kwa nyaya. Mtu wa bara akinunua gari lililotumika Mombasa hajui aangalie wapi. Wewe unajua, lala chini ya gari umwonyeshe.

Tatu, tuktuk. Mji huu unatembea kwa magurudumu matatu. Ukifanya kazi safi ya tuktuk, kila dereva wa Likoni, Changamwe na Kisauni ni mtazamaji wako, na kila abiria pia.

Nne, lugha. Ukiongea Kiswahili cha huku kilicho safi, na utani wa barazani, unasikika vizuri Lamu, Tanga na Unguja. Kiingereza cha kuigiza kinakupeleka kupigana na dunia nzima.

Sheria usizoweza kuruka

- Kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka vipindi vya TV vifae familia nzima. Matusi ya kwenye video zako yatabaki huko.
- Kanuni za utangazaji zinataka angalau asilimia 40 ya vipindi iwe ya hapa nyumbani. Hiyo ni hoja yako ukikaa mezani: wanakuhitaji pia.
- Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaa, Sura ya 222, inahitaji leseni ya kurekodi filamu za kuonyeshwa umma. Uliza KFCB mapema.
- Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda picha za watu. Omba ruhusa kabla ya kuonyesha sura ya mtu, na ficha namba za magari yasiyokuhusu.
- Bandarini huingii na kamera bila ruhusa ya KPA. Usijaribu ujanja hapo.

Kabla hujasaini

Uliza maswali haya, na uyapate yakiwa yameandikwa, si ya mdomo:

1. Kipindi ni cha nani kikiisha? Jina je?
2. Naweza kuweka vipande kwa chaneli yangu, na baada ya muda gani?
3. Video zangu za zamani zinabaki zangu?
4. Nani anachagua mdhamini, na naweza kukataa?
5. Nikisema gari lina kasoro, nani ana nguvu ya kulikata hilo neno?
6. Gari likigonga mtu tukirekodi, bima ni ya nani?

Kama swali la tano linapata jibu la "usijali, tutaongea," basi jibu umeshapewa.

Kisha tengeneza kipindi kimoja cha majaribio, kisichozidi dakika 24, na muhusika mmoja mwenye shida moja. Mwonyeshe bibi yako asiyependa magari. Akiuliza "sasa yule kijana tuktuk yake ilipona?", una kipindi. Akiuliza "chai iko wapi?", rudi ukaediti.

Kwa hivyo?

Vloga wa magari anaeza kutoboa kwa TV. Harris alidumu, Moog aliitwa, na Kenya tuna vipindi vinavyoonyesha mtazamaji wa kawaida atakaa akiona mtu kama yeye akisaidika. Anayeanguka ni yule anayepeleka klipu za simu zilivyo, ama anayekubali kusifu kila kitu ndio asiondolewe hewani.

Chukua TV kama dirisha la watu wapya kukuona. Nyumba yako ibaki chaneli yako, kwa sababu stesheni inaeza kufuta kipindi Ijumaa, lakini wale wasee watano wa maskani bado watakuwa wameinamia simu Jumamosi. Na mmoja wao, bila wewe kujua, ana akiba ya miaka minne na anangoja neno lako.

Wewe ungemwona nani kwa TV: fundi, msafiri ama mtu wa nganya?